Miguu Inapowaka Moto: Dawa za Kifua Kikuu na Kidonge Kidogo cha Vitamini

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tunaijua sote, tumeitungia insha tangu shule ya msingi. Lakini je, mtu ambaye hafichi maradhi bali anaficha maumivu anayoletewa na dawa, yeye huumbuliwa na nini? Hilo ndilo swali lililonifanya nishike kalamu mwaka huu.

Najua katika jarida la chama chetu wengi hupenda kuandika juu ya methali, ngeli na mashairi. Mimi mwenyewe mwaka jana niliandika juu ya ngeli ya I-ZI. Mwaka huu mnisamehe, nimeamua kueleza jambo la sayansi lililobisha hodi nyumbani kwetu hapa Migwani, likakaribia kutunyang'anya mtu. Nimeliuliza kwa wauguzi, nimelisoma, nimemsumbua mwalimu wetu wa Bayolojia hata akachoka nami. Nitalieleza kwa Kiswahili cha kawaida, ili hata nyanya yako ukimsomea aelewe.

YALIYOTOKEA NYUMBANI

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa akifanya kazi ya mjengo Nairobi. Mapema mwaka wa 2024 alirudi nyumbani amekonda, anakohoa usiku kucha na kulowa jasho hata kukiwa na baridi. Susu, yaani nyanya yangu, alidhani ni vumbi la saruji tu. Makohozi yalipopimwa ikajulikana kuwa ni kifua kikuu, ugonjwa ambao wengi wetu huuita TB. Mjomba alipewa dawa bila malipo, kwa sababu hapa Kenya dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali na zahanati za serikali. Akaambiwa ni miezi sita, kila siku, bila kuruka. Akapewa na kadi ya kutia alama kila anapomeza.

Sasa, mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Wenzetu wa mabweni wakishafunga sanduku, mambo ya nyumbani huyaacha nyumbani. Sisi wa kutwa tunalala nayo na kuamka nayo. Basi mama aliniteua mimi niwe msimamizi wa dawa za mjomba. Kazi yangu ilikuwa moja: kila asubuhi kabla ya kwenda shule nimwone akimeza, kisha nitie alama kwenye kadi.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda sawa. Mkojo wake ulipogeuka rangi ya machungwa hakushtuka, maana tulikuwa tumeelezwa mapema kwamba hiyo ni rangi tu ya dawa mojawapo iitwayo rifampisini, haina madhara. Kikohozi kikaisha, akaanza kula vizuri, uzito ukapanda kutoka kilo 43 hadi 46. Susu akaanza kuimba tena jikoni.

Mwezi wa tatu ndipo balaa lilipoanza. Mjomba alisema vidole vya miguu vinamsumbua. Mwanzoni ilikuwa kama sisimizi wanamtembelea, baadaye kama amepakwa pilipili, mwishowe kama mtu aliyekanyaga jivu la moto. Usiku alikuwa akitoa miguu nje ya blanketi na kuiweka sakafuni ipate baridi. Mchana alilalamika kwamba haihisi ardhi sawasawa, ati anatembea kama mtu aliyevaa soksi nzito ilhali yuko peku.

Majirani nao hawakukosa la kusema. Mmoja alisema amekanyaga kitu kilichotegwa njiani na mtu mbaya. Mwingine akasema dawa zimekuwa nyingi mwilini, sasa zinatafuta pa kutokea. Kisha siku ya soko likaja gari lenye kipaza sauti, likiuza makopo ya vidonge vya kusafisha neva, damu, figo na macho, vyote kwa mpigo mmoja. Kopo moja lilikuwa shilingi elfu mbili mia tano. Susu aliuza mbuzi. Naye muuzaji, kwa ulimi wake mtamu, alimshauri mjomba azipumzishe kwanza dawa za hospitali ili yale ya kwenye kopo yafanye kazi vizuri.

Mjomba akazipumzisha, wala hakumwambia mtu.

Hapa ndipo ninapoona haya, wasomaji wenzangu, lakini sina budi kusema. Wakati huo tulikuwa na mitihani, nami nilitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado. Badala ya kuingia nimwone akimeza, nilikuwa nikimwita dirishani, "Mjomba, umemeza?" Naye anajibu, "Nimemeza, mpwa wangu, wewe nenda shule." Nami natia alama. Kwa siku tisa nilitia alama tisa za dawa ambazo hazikumezwa. Nilikuja kujua siku ya kumi, Jumamosi, nilipohesabu vidonge vilivyobaki nikapata vimezidi 27. Vidonge vitatu kwa siku, mara siku tisa. Hesabu haikusema uongo. Kadi ndiyo iliyosema uongo, tena kwa mwandiko wangu.

Nilimwambia mama. Hakunichapa. Alinyamaza tu, na mimi ningependa anichape. Mjomba naye tulipomwuliza hakukana. Alisema, "Nyinyi mnaona kifua kimepona. Miguu hii hamlali nayo nyinyi."

Jumatatu niliomba ruhusa kwa mwalimu wa darasa, tukaandamana naye hadi hospitalini, si pale alipokuwa akichukua dawa siku zote. Sista aliyetupokea alimwambia avue viatu na afumbe macho. Akawa anamgusa vidole kwa pamba, mjomba aseme kila anapoguswa. Mara kadhaa aliguswa na asiseme neno. Akampima sukari, akamwuliza habari za pombe. Halafu akauliza swali ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuliuliza: "Pamoja na hizi dawa, ulipewa kidonge kingine kidogo cha vitamini, kinaitwa piridoksini?"

Mjomba akasema hapana. Kule alikoanzia aliambiwa vimekwisha, arudi siku nyingine. Hakurudi, kwani alidhani vitamini ni kitu cha kutuliza watoto, si dawa.

Ndugu msomaji, makala haya ni juu ya kidonge hicho.

DAWA YENYEWE ILIKOTOKA

Kifua kikuu huletwa na viini ambavyo daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kuvigundua huko Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo sababu siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Lakini kumjua adui si kumshinda. Wagonjwa walikaa zaidi ya miaka 60 baada ya hapo bila dawa ya maana, hadi miaka ya 1940 ilipopatikana sindano ya streptomisini.

Kisha ikaja isoniazidi. Historia yake inachekesha kidogo. Iliundwa mara ya kwanza mwaka wa 1912 na wanakemia wawili wa Prague, Hans Meyer na Josef Mally, nao hawakujua kwamba wameshika dawa. Ilikaa miaka 40 hivi bila mtu kuijali. Mwaka wa 1952 ndipo ulimwengu ulipotangaziwa kwamba inaua viini vya kifua kikuu, tena ni ya kumeza na ni ya bei nafuu. Hadi leo ni mojawapo ya nguzo za tiba.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika habari hii, nayo haisemwi sana madarasani. Zamani tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu, na wengi walichoka njiani. Kuanzia mwaka wa 1970, madaktari wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walifanya majaribio katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Majibu ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 1972. Yalionyesha kwamba isoniazidi ikiunganishwa na dawa kama rifampisini, miezi sita inaweza kutosha. Kwa hiyo mtu yeyote duniani anayemeza dawa za TB kwa miezi sita ana deni kwa wagonjwa wa nchi zetu waliokubali kujaribiwa.

Siku hizi mgonjwa wa kawaida humeza dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata hubaki mbili, rifampisini na isoniazidi. Zimeunganishwa katika kidonge kimoja, na idadi ya vidonge hutegemea uzito wa mtu. Mjomba wangu na kilo zake 46 alipewa vitatu kwa siku.

KWA NINI MIGUU IWAKE?

Dawa hizi ni viuavijasumu, yaani antibiotiki. Tumezoea antibiotiki za siku tano au saba. Hizi ni za miezi sita, na kitu unachokiingiza mwilini kila siku kwa miezi sita hakikosi kugusa na mengine.

Isoniazidi ina tabia moja. Ikiwa mwilini hung'ang'ania vitamini B6, hushikamana nayo, na vyote viwili hutoka pamoja katika mkojo. Tena huzuia mwili kuigeuza vitamini hiyo iwe katika hali ya kufanya kazi. Mwaka wa 1954 madaktari wawili wa Cincinnati, Marekani, J. P. Biehl na R. W. Vilter, walieleza jambo hili: wagonjwa waliokuwa wakimeza isoniazidi walikuwa wakikojoa vitamini B6 nyingi kuliko kawaida. Nayo piridoksini, ambayo ndiyo hiyo B6 kwa jina lake la dukani, iliweza kuyakinga madhara hayo.

Vitamini B6 ina kazi gani? Mwalimu wetu wa Bayolojia alitueleza juu ya vimeng'enya. Vimeng'enya vingi mwilini ni kama chuma cha jembe, na B6 ni kama mpini. Chuma unacho, shamba unalo, lakini bila mpini utalima nini? Neva, ile mishipa ya fahamu inayopeleka habari kati ya mwili na ubongo, zinahitaji sana kazi ya vimeng'enya hivyo ili ziwe na afya.

Na kwa nini zianze kuumia za miguuni, si za masikioni au za mgongoni? Fikiria bomba la maji la mradi wa kijiji. Maji yakipungua kwenye tangi, wa kwanza kukosa si yule anayekaa karibu na tangi, bali yule wa mwisho kabisa wa bomba. Neva ya kidole gumba cha mguu ndiyo yenye safari ndefu kuliko zote. Huanzia mgongoni, hupita paja na goti, ikafika ncha ya mguu. Upungufu ukiingia, ncha ndiyo huumia kwanza. Ndiyo maana dalili huanza vidoleni mwa miguu yote miwili, zikapanda kama soksi, na baadaye zikaingia vidole vya mikono kama glavu.

Kwa hiyo mjomba hakuwa amekanyaga kitu. Uchawi wa upande mmoja na mwingine, unaopanda sawasawa kama soksi! Ukisikia dalili za namna hiyo kwa mtu aliye kwenye dawa za TB, fikiria B6 kabla hujafikiria jirani.

NANI YUKO HATARINI ZAIDI?

Si kila anayemeza isoniazidi huwashwa miguu. Wengi hawapati shida yoyote. Lakini wapo wanaohitaji kuangaliwa kwa karibu:

Kwanza, waliokosa lishe ya kutosha, kwa sababu huanza safari tangi likiwa nusu. Na wagonjwa wengi wa kifua kikuu hufika hospitalini wamekwisha konda.

Pili, wanywaji wa pombe. Mjomba alikiri mbele ya sista kwamba kaluvu hakuiacha hata baada ya kuanza dawa.

Tatu, wenye kisukari, wenye virusi vya UKIMWI na wenye ugonjwa wa figo, ambao neva zao zaweza kuwa zimeguswa tayari.

Nne, akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, maana B6 wanagawana na mtoto.

Tano, wazee.

Kuna na sababu ambayo mtu huzaliwa nayo. Ini la kila mmoja wetu huvunja isoniazidi kwa kasi yake, wengine haraka, wengine polepole. Katika jamii nyingi za Afrika na Ulaya, karibu nusu ya watu ni wa polepole. Kwao dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, ikaendelea kung'ang'ania B6. Huwezi kumjua mtu wa polepole kwa kumwangalia usoni. Ndiyo sababu ni busara kinga kutangulia.

Kinga yenyewe ni nini? Ni kidonge cha piridoksini, kwa kawaida miligramu 25 hadi 50 kwa siku kwa mtu mzima, kinachomezwa pamoja na dawa za TB tangu siku ya kwanza. Aliyekwisha kuumia, daktari humwongezea kipimo kwa muda. Wengine huogopa kwamba vitamini hii itavinenepesha viini. La hasha! Kwa kipimo hicho haizuii dawa kuviua.

JE, CHAKULA HAKITOSHI?

Swali hili niliuliza mimi, kwa kuwa Susu alisema mtu akila vizuri hahitaji vidonge. Tulipiga hesabu na mwalimu, nami nawaletea hapa.

Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban miligramu 1.3 za B6 kwa siku. Hizo chakula kinaweza kuzileta. Zimo katika ndengu, mbaazi, maharagwe, viazi, ndizi, samaki, nyama, maini na nafaka ambayo haijakobolewa. Ndizi mbivu moja ya kadiri ina kama miligramu 0.4. Sasa gawanya miligramu 25 za kidonge kimoja kwa 0.4. Utapata ndizi zaidi ya 60. Sitini, kila siku, kwa miezi sita! Hata ungekuwa na shamba la migomba, tumbo lako lingekataa.

Maana yake si kwamba chakula hakina kazi. Chakula hujaza tangi. Kidonge huziba pale linapovujia. Mgonjwa anahitaji vyote viwili. Na sisi wa Ukambani tusisahau kwamba tunapokoboa mahindi kupata muthokoi au unga mweupe, tunatupa maganda na kiini, na sehemu ya vitamini huenda na kuku wanaokula hayo maganda. Muthokoi ni mtamu, siukatai, mimi mwenyewe nikiukuta sisemi na mtu. Lakini uende na mbaazi au ndengu za kutosha, usiende peke yake.

UKIONA CHEMA, USIKIZIDISHE

Mtu akishasikia haya anaweza kusema, "Basi nitameza B6 kwa wingi, kwani vitamini ina ubaya gani?" Hapo ndipo wengi hupotea, na ndipo wenye magari ya vipaza sauti wanapopata riziki.

Mwaka wa 1983 madaktari wa Marekani, miongoni mwao Herbert Schaumburg, waliandika habari za watu wazima saba waliokuwa wakimeza B6 kwa kiasi cha gramu 2 hadi 6 kwa siku, kwa miezi mingi. Gramu 2 ni sawa na vidonge 80 vya miligramu 25. Watu hao walipoteza hisia miguuni na mikononi, wakawa wanatembea kwa kuyumba. Yaani kitu kile kile kinachokinga neva, kikizidi sana, huziharibu, na dalili zinafanana. Anayemeza bila kipimo anaweza kuona miguu inazidi kuwaka, akaongeza vidonge, akawa anazima moto kwa mafuta ya taa.

Kopo la mjomba nilisoma maandishi yake yote. Kulikuwa na picha ya majani, picha ya moyo na maneno mengi ya kusifu. Kiasi cha B6 hakikuandikwa popote. Huenda hakikuwamo kabisa, huenda kilizidi. Hakuna mtu angeweza kujua. Mbuzi mzima alikwenda kununua fumbo.

Jambo jingine la kuangalia: B6 si dawa ya kila mguu unaowaka. Zipo antibiotiki nyingine ambazo zikitumiwa muda mrefu huweza kuumiza neva kwa njia tofauti. Metronidazo, ambayo watu hununua ovyo tumbo likiwasumbua, ni mojawapo ikimezwa kwa wiki nyingi. Linezolidi, inayotumiwa kwa kifua kikuu sugu, ni nyingine. Kwa hizo huwezi kutegemea B6 ikuokoe. Daktari ndiye anayeamua kama dawa ipunguzwe au ibadilishwe. Tena kisukari, pombe na hata ukoma huweza kuleta ganzi miguuni. Ndiyo sababu sista hakumpa mjomba kidonge tu na kumwambia aende. Kwanza alimpima.

Na kosa kubwa kuliko yote ni lile la mjomba la kuacha dawa. Ukiziacha katikati, viini vilivyobaki hupata nafasi ya kurudi, na vinaweza kurudi vikiwa sugu, ambapo tiba ni ngumu zaidi, na madhara yake kwa neva yanaweza kuwa makali zaidi. Unakimbia moshi unaingia motoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani, na milioni 1.25 wakafa. Huu ni ugonjwa wenye dawa, ndugu zangu.

TUFANYE NINI SISI WANAFUNZI?

Pengine unasema, haya ni ya watu wazima. La. Nyumbani mwetu, ni nani anayesoma maandishi ya kwenye pakiti? Ni nani anayetumwa dukani na zahanati? Ni sisi. Kwa hiyo:

Mtu wa nyumbani akianza dawa za TB, mwulize kama amepewa piridoksini. Ikiwa imekwisha hapo, aulize itapatikana lini au wapi, na arudi.

Mwulize kila wiki habari za miguu yake: inawasha, inachoma, ina ganzi? Akisema ndiyo, asingoje kilele cha maumivu. Neva iliyoumia kidogo hupona upesi kuliko iliyoumia sana.

Mweleze kwamba maumivu ya miguu ni sababu ya kwenda kliniki, si sababu ya kuacha dawa. Vivyo hivyo akiona macho yanafifia au yanageuka manjano, aende siku hiyo hiyo.

Akinunua kitu chochote cha nyongeza, akipeleke kionwe na muuguzi kabla ya kukimeza.

Nanyi mnaokaa naye nyumba moja mkapimwe. Baadhi yenu mtapewa dawa za kinga, na baadhi ya dawa hizo zina isoniazidi. Ulizeni swali lile lile la B6.

La mwisho nalisema kwa wasimamizi wenzangu: usitie alama kwa sauti ya dirishani. Ingia ndani, uone maji na koo.

MWISHO WA HABARI

Sista alimwandikia mjomba piridoksini, akamrudisha kwenye dawa zake siku hiyo hiyo, na zile siku tisa zikaongezwa mwishoni. Kadi nilimwonyesha mwenyewe. Nilimwambia alama zipi ni za uongo, akazikata kwa kalamu nyekundu moja baada ya nyingine, mimi nikiangalia. Kisha akanirudishia kadi. Nilidhani atampa mtu mwingine. Akasema, "Aliyejua kuhesabu vidonge 27 ataendelea kuhesabu."

Baada ya wiki tatu hivi mjomba alianza kulala miguu ikiwa ndani ya blanketi. Moto ulipoa polepole. Alimaliza dawa zake, na makohozi yalipopimwa mwishoni hayakuwa na viini. Sitawadanganya kwamba yote yamekwisha: vidole viwili vya mguu wa kushoto bado vina ganzi, na akitembea shambani huvaa viatu asije akajikata bila kujua. Lau kile kidonge kidogo kingeanza siku ya kwanza, huenda hata hiyo ganzi isingekuwapo. Mbuzi wa Susu hakurudi. Kopo lipo juu ya kabati, limejaa nusu, na Susu amekataa litupwe. Anasema linamkumbusha.

Mimi nami nina kumbukumbu yangu, ile kadi yenye alama tisa zilizokatwa kwa wekundu. Ninaiweka katika kitabu changu cha Bayolojia, kwenye ukurasa wa vimeng'enya.

Kwa hayo machache ninaweka kalamu chini. Kinga ni bora kuliko tiba, na aliye kwenye tiba naye anahitaji kinga yake.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu